Wanawake kwenye bodi wanaleta faida? Hiyo hesabu ilitoka wapi

Kila mwaka ikifika tarehe 8 Machi, kampuni za Nairobi zinavaa zambarau. Ofisi nzima inapiga picha kwenye ngazi, halafu LinkedIn inawekwa posti yenye maneno yaleyale: kampuni zenye wanawake wengi kwenye uongozi hupata faida kubwa zaidi. Kuna asilimia fulani hapo, imeandikwa kwa herufi nono. Sijawahi kuona mtu akiuliza chini yake imetoka wapi. Mimi niliuliza, na nikajikuta nasoma mambo ya Norway, Iceland na London mpaka saa nane za usiku, kwa hivyo hii posti ni ndefu. Tafuta chai.

Kwanza mjue nimesimama wapi. Mimi ni msichana, nimemaliza chuo, niko kwenye ile foleni ya kutuma CV kama wengi wenu, na nataka kuona wanawake kwenye hizo bodi. Nataka sana. Lakini siku hizi naona kampuni kubwa za Marekani zikirudi nyuma moja baada ya nyingine, na nikaanza kufikiri kwamba ile hoja tuliyopewa ituinue ndiyo inatumika kutushusha. Ndiyo maana nikaenda kuitafuta mizizi.

Stori inaanza New York, kwa shirika linaloitwa Catalyst. Lilianzishwa mwaka 1962 na mama mmoja, Felice Schwartz, kusaidia wanawake kuingia kazini na kupanda vyeo. Mwaka 2004 walitoa ripoti iliyoongea lugha ambayo wakubwa wa kampuni hawahitaji mkalimani kuielewa: pesa. Walichukua kampuni kubwa 353 za Marekani, wakazipanga kulingana na idadi ya wanawake kwenye usimamizi wa juu, wakalinganisha kundi la juu na kundi la chini. Kwa kila dola ya wenye hisa, kundi la juu lilikuwa linarudisha faida asilimia 35 zaidi. Mwaka 2007 wakarudia, safari hii wakihesabu wanawake kwenye bodi, na tofauti ikawa asilimia 53. Magazeti yakabeba. Kuanzia hapo, ukiingia mkutano wowote wa wakubwa ukitaka kuongea mambo ya wanawake, huanzi na haki. Unaanza na grafu.

Sasa hebu fikiria nganya. Chukua matatu zote za Rongai, zipange kuanzia ile yenye michoro mikali, skrini na muziki wa kutingisha kifua, mpaka ile gari ya kawaida yenye mstari wa njano peke yake. Hesabu mapato ya siku. Nina uhakika utapata nganya kali zinaingiza pesa zaidi. Kwani ni rangi ndiyo imeleta pesa? Ama mwenye gari alikuwa tayari na pesa, ndiyo akaweza kumlipa mchoraji? Ama ni vijana wa chuo waliojaa kwenye hiyo njia ndio wanaleta zote mbili, rangi na pesa? Ile orodha yako haiwezi kukwambia. Ukimshauri mzee mwenye matatu mbovu achukue mkopo apake rangi ili atajirike, unaweza kumfilisi.

Ripoti za aina ya Catalyst ziko hivyo. Zinaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, zinanyamaza kuhusu nani anamvuta mwenzake. Kampuni kubwa, tajiri, inayotazamwa na kila mtu, ndiyo yenye nafasi na sababu ya kutafuta wanawake wa kuweka kwenye bodi.

Ukitaka kujua ukweli unahitaji nchi moja yenye wazimu kidogo, ambayo itaamka siku moja na kulazimisha kila matatu ipakwe rangi, yenye pesa na isiyo na pesa, halafu tuone.

Hiyo nchi ilipatikana. Tarehe 22 Februari 2002, watu wa Norway walifungua gazeti la VG wakakuta waziri wa biashara na viwanda, Ansgar Gabrielsen, anasema anataka angalau asilimia 40 ya viti vya bodi za kampuni kubwa viende kwa wanawake, na kama hawataki, italetwa sheria. Cha kushangaza ni kwamba huyu hakuwa mwanaharakati. Alikuwa mwanaume wa chama cha wahafidhina, mtu wa biashara kabla ya siasa, na alilitoa hilo jambo kwa gazeti kabla ya kuwaambia mawaziri wenzake. Nampenda huyu jamaa kwa hilo tu. Wenzake wangelipeleka kwenye kamati, na sisi Wakenya tunajua kamati ni makaburi ya aina gani.

Mwisho wa 2003 bunge likapitisha. Kampuni za umma zenye hisa, ambazo kwa Kinorway zinaitwa ASA, zikapewa mpaka Julai 2005 zijirekebishe zenyewe kwa hiari. Wakati huo wanawake walikuwa chini ya asilimia 10 ya wakurugenzi wa bodi hizo. Hiari ikashindwa, kama mnavyoweza kukisia. Basi kuanzia Januari 2006 ikawa lazima, na mwisho ukawekwa Januari 2008. Adhabu haikuwa faini. Kampuni ambayo haingetimiza ingevunjwa. Yaani ifungwe, ifutwe kwenye daftari la serikali. Na wote walitii. Ndani ya miaka michache nchi ilitoka kwenye mwanamke mmoja kwa kila viti kumi hivi mpaka wanne.

Kelele zilikuwa zilezile mngetarajia. Hakuna wanawake wa kutosha wenye uzoefu. Tutaokota watu barabarani. Shirikisho la waajiri, ambalo lilikuwa likipinga sheria, lilianzisha mpango wa kuwafunza wanawake kazi za bodi, na kumbe watu walikuwepo. Wengine waliitwa na bodi nyingi kwa wakati mmoja mpaka wakapewa jina la utani, sketi za dhahabu. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye bodi tano tano miaka yote na sijapata mahali popote walipoitwa suruali za dhahabu.

Halafu watafiti wakaingia, na hapa ndipo stori inakuwa tamu.

Mwaka 2012, Kenneth Ahern na Amy Dittmar walichapisha utafiti uliosema hisa za kampuni zilizohitaji wanawake wengi zilianguka siku habari ilipotoka, na thamani yake ikaendelea kushuka miaka iliyofuata. Hawakusema ni kwa sababu ya jinsia yenyewe. Walisema bodi mpya zilikuwa na watu vijana zaidi, wenye uzoefu mchache, na kampuni zikaingia madeni na kununua kampuni nyingine ovyo. Lakini kwenye mitandao nani anasoma mpaka ukurasa wa ishirini? Kila mtu aliyekuwa anachukia mgao wa lazima alipata silaha.

Miaka ikapita, kikundi kingine, Espen Eckbo, Knut Nygaard na Karin Thorburn, wakachukua data za Norway wakazifungua upya. Wakauliza maswali mawili rahisi sana. La kwanza: soko lilijua lini hasa kwamba sheria inakuja? Maana ukikosea siku, unapima upepo. La pili: hisa za nchi moja ndogo huwa zinapanda na kushuka pamoja, kwa hivyo huwezi kuhesabu kila kampuni kama shahidi anayejitegemea. Ni kama kuuliza watu kumi waliokaa matatu moja kama kulikuwa na jamu, halafu useme una ushahidi wa watu kumi. Waliporekebisha hayo, ile hasara ikapotea. Haikugeuka kuwa faida. Ilipotea tu, ikawa kitu ambacho huwezi kukitofautisha na sufuri.

Na kuna wa tatu, Marianne Bertrand na wenzake, ambao mimi nawaona ndio waliuliza maswali ya maana kuliko wote. Walitaka kujua hao wanawake walioingia walikuwa kina nani. Wakakuta walioteuliwa baada ya sheria walikuwa na sifa nzuri kuliko wanawake waliokuwa kwenye bodi kabla ya sheria. Ile hofu ya kuokota watu barabarani ilikuwa hewa. Lakini pia wakakuta kitu cha kuuma. Wanawake wa chini, wale wa kawaida kwenye hizo kampuni, hawakupata chochote cha kuonekana. Mishahara yao haikusogea kwa sababu ya dada zao wa juu. Wasichana waliokuwa vyuoni wakisomea biashara walisema wana matumaini zaidi, lakini hawakubadilisha mipango yao ya kuolewa na kuzaa, wala soko la kazi halikuwatendea tofauti.

Nilikaa na hiyo muda mrefu. Mimi ndiye huyo msichana wa chini.

Utafiti mwingine wa Norway, wa David Matsa na Amalia Miller, ulitoka 2013. Hawa walikuta kampuni zilizoguswa na sheria zilifukuza wafanyakazi wachache zaidi kuliko kampuni za kufanana nazo ambazo hazikuguswa. Gharama ya mishahara ikapanda, na faida ya muda mfupi ikashuka. Kwa lugha ya soko, hayo ni matokeo mabaya. Kwa lugha ya nyumba ambayo baba alipokea barua ya kupunguzwa kazini Ijumaa saa kumi, hayo si matokeo mabaya hata kidogo. Mtu akikwambia "utendaji wa kampuni", muulize anampimia nani. Mwenye hisa na fundi wa kiwandani hawasomi ripoti moja kwa macho sawa.

Sasa tuhamie London, kwa sababu huko kulitokea kioja.

Novemba 2003, gazeti la The Times lilichapisha makala iliyoangalia kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London na kusema kwamba zile zenye wanawake wengi kwenye bodi zilikuwa zinafanya vibaya kuliko wastani. Ilikuwa ni Catalyst iliyopinduliwa: takwimu za aina ileile, jibu kinyume. Mwandishi akadokeza kwamba pengine kampuni zingekuwa salama zaidi bila wao. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Exeter, Michelle Ryan na Alexander Haslam, waliisoma wakakasirika kisayansi. Walirudi kwenye bei za hisa mwezi kwa mwezi, kabla na baada ya kila uteuzi. Wakagundua The Times ilisoma filamu kutoka nyuma. Wakati soko zima lilikuwa linaanguka, kampuni zilizomteua mwanamke zilikuwa tayari zimekuwa zikifanya vibaya kwa miezi mitano mfululizo kabla hajaingia mlangoni. Haikuwa kwamba mwanamke aliingia nyumba ikashika moto. Nyumba ilikuwa inawaka ndipo akaitwa.

Mwaka 2005 walilipa hilo jambo jina, genge la kioo. Genge la mlima, si ile ya muziki. Maana yake ni kwamba mwanamke anapewa uongozi pale ambapo kuanguka kuko karibu, na akianguka inasemwa ni kwa sababu ni mwanamke. Nikisoma hivyo nilikumbuka chama cha mtaani kwetu. Miaka yote mweka hazina ni mwanaume. Pesa zikianza kutoonekana vizuri kwenye kitabu, mkutano unasema, "Hebu tumpe mama fulani, akina mama ni waaminifu." Mama fulani anarithi kitabu chenye mashimo, na mwisho wa mwaka ni yeye anasimama mbele ya watu kueleza.

Kioja cha pili kilikuja na kuanguka kwa Lehman Brothers, Septemba 2008. Watu walianza kutania kwamba kama ingekuwa benki ya akina dada, si ya akina kaka, dunia ingepona. Christine Lagarde, aliyekuwa waziri wa fedha wa Ufaransa, alikuwa mmoja wa walioupa huo utani umaarufu. Lakini utani unasahau mtu. Lehman walikuwa na mwanamke aliyesimamia fedha zote za benki, Erin Callan. Alianza kazi hiyo Desemba 2007, mikopo mibaya ya nyumba ikiwa tayari inanuka, na Juni 2008 akaondolewa. Miezi sita. Hakuchimba hilo shimo, ila picha yake ndiyo ilikuwa kwenye magazeti wakati dunia inaanza kulichungulia.

Iceland ilikuwa wazi zaidi. Oktoba 2008 benki zake tatu kubwa zilianguka ndani ya wiki moja hivi. Serikali ilipochukua mabaki ya Landsbanki na Glitnir iliwaweka wanawake wawili kuziongoza, Elín Sigfúsdóttir na Birna Einarsdóttir. Wanaume walivunja vyombo, wanawake wakaitwa na fagio. Na magazeti ya Ulaya yakaandika hivyo kwa sifa, kana kwamba ni zawadi. Wakati huohuo kulikuwa na kampuni ndogo ya fedha, Audur Capital, iliyoanzishwa 2007 na wanawake wawili, Halla Tómasdóttir na Kristín Pétursdóttir, ikapita kwenye ile dhoruba ikiwa imesimama. Halla leo ni rais wa Iceland, alichaguliwa 2024. Kampuni moja haithibitishi chochote, najua. Nimeitaja kwa sababu wanawake hao walianzisha nyumba yao wenyewe badala ya kuitwa kuzima moto wa mtu mwingine.

Turudi kwa ile asilimia ya zambarau. Nyingi mnazoziona zinatoka kwa McKinsey, kampuni ya ushauri. Mwaka 2015 walisema kampuni zilizo kwenye robo ya juu kwa uwiano wa jinsia zina uwezekano wa asilimia 15 zaidi wa kushinda wenzao kwa faida. Mwaka 2018 ikawa 21. Mwaka 2020 ikawa 25. Mwaka 2023 ikawa 39. Inapanda kama bei ya unga. Mwaka 2024 maprofesa wawili wa uhasibu, Jeremiah Green na John Hand, walijaribu kurudia matokeo ya McKinsey upande wa rangi na kabila za viongozi, wakitumia kampuni kubwa za Marekani, na hawakuyapata. Walionyesha pia kwamba McKinsey walipima fedha za miaka ya kabla, halafu wakaangalia viongozi wa baadaye. Yaani kwanza mapato ya nganya, kisha rangi. McKinsey wanasema wanasimamia kazi yao.

Kama unataka jibu la jumla, kuna Corinne Post na Kris Byron, ambao mwaka 2015 waliunganisha tafiti 140 kutoka nchi nyingi. Jibu lilikuwa karibu na sufuri, likiegemea kidogo upande mzuri kwa faida za vitabuni. Kidogo sana. Huwezi kuliandika kwa herufi nono.

Utafiti ninaoupenda zaidi hauna hata habari ya faida nzuri. Mwaka 2009 Renée Adams na Daniel Ferreira waliangalia bodi za Marekani wakapata kwamba wanawake wanahudhuria mikutano kuliko wanaume, na wakiwepo, hata wanaume wanaanza kuhudhuria. Wanakaa zaidi kwenye kamati za kukagua. Afisa mkuu mtendaji akiharibu, bodi yenye wanawake inakuwa na mkono mwepesi wa kumwondoa. Halafu wakapima utendaji, na kwa wastani ukashuka kidogo, hasa kwenye kampuni ambazo tayari zilikuwa zinasimamiwa vizuri. Ukikagua sana pasipo na shida unachosha watu. Lakini niambie, kwa nchi hii yetu, ni wapi tuna tatizo la kukagua kupita kiasi?

Na sisi je? Hii mada tunaiongea kana kwamba ilitua JKIA na ndege kutoka Ulaya. Mwaka 1977 Mary Okelo alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa meneja wa tawi la benki ya Barclays hapa Kenya. Mwaka uliofuata yeye na mumewe wakaanzisha Makini, ndiyo, hiyo shule. Akiwa benki aliona kitu ambacho hakikuhitaji profesa. Mkopo unataka dhamana, dhamana ni hati ya shamba, hati ina jina la mzee. Mama anayeuza sokoni miaka ishirini, anayejulikana na soko zima, anarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1981 yeye na wanawake wenzake wakaanzisha Kenya Women Finance Trust, wakiwa na uhusiano na mtandao wa kimataifa wa kifedha wa wanawake uliozaliwa kutokana na mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Mexico wa 1975. Jennifer Riria akaichukua 1991 ikiwa katika hali ngumu, na mwaka 2010 Benki Kuu ikaipa leseni ya kupokea amana za wateja.

Angalia vile hao wanawake waliweka hoja yao. Hawakusema mtuweke kwenye bodi mtapata faida zaidi. Walisema kuna wateja hapa, ni nusu ya nchi, na nyinyi hamuwaoni kwa sababu hakuna yeyote kwenye meza yenu aliyewahi kunyimwa mkopo kwa kukosa hati yenye jina lake. Hiyo si hesabu ya wastani wa kampuni 353. Ni kitu kimoja mahususi kilichokosekana, kikajazwa na mtu aliyekijua.

Baadaye ikaja Katiba ya 2010 na kanuni ya thuluthi mbili, kwamba jinsia moja isizidi hapo kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Bunge lilipigwa danadana. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2012 kwamba sheria ya kutekeleza ipatikane kabla ya Agosti 2015. Haikupatikana. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais avunje bunge kwa sababu hiyo, na bunge halikuvunjwa. Mnakumbuka hoja ya upinzani? Mishahara. Wabunge wa kike wa ziada watagharimu pesa nyingi. Tena tukarudi kwenye bei ya mwanamke. Hakuna mwaka hata mmoja ambapo nimesikia mtu akipiga hesabu ya gharama ya wabunge wanaume waliopo.

Upande wa kampuni kuna majina tunayoweza kujivunia. Nasim Devji ameongoza Diamond Trust Bank tangu 2001, miaka ambayo benki ngapi zimekuja na kwenda. Rebecca Miano aliingia KenGen 1998 kama wakili na akaiongoza kuanzia 2017 hadi 2022. Sylvia Mulinge aliteuliwa mwaka 2018 kuongoza Vodacom Tanzania, akanyimwa kibali cha kazi, akarudi Safaricom, na 2022 akaenda kuongoza MTN Uganda. Lakini sitaki kuwatumia hawa kama ushahidi wa chochote. Ukisema Devji anathibitisha wanawake wanaweza, basi mwanamke mmoja akishindwa kesho atathibitisha kinyume, na wanaume hawajawahi kuishi chini ya sheria hiyo.

Hapo ndipo wasiwasi wangu uko. Januari 2020, mkuu wa Goldman Sachs, David Solomon, alitangaza pale Davos kwamba benki yake haitasaidia kampuni ya Marekani au Ulaya kuingia soko la hisa ikiwa bodi yake ni ya wanaume weupe watupu. Sababu aliyoitoa ilikuwa matokeo: kampuni zilizoingia sokoni zikiwa na angalau mwanamke mmoja kwenye bodi zilikuwa zimefanya vizuri zaidi. Februari 2025, upepo wa siasa na mahakama za Marekani ulipogeuka, sera hiyo ikafutwa. Sheria ya California ya 2018 iliyotaka wanawake kwenye bodi ilikuwa tayari imeangushwa mahakamani 2022, na kanuni ya soko la Nasdaq ikafuata Desemba 2024. Ukiingizwa mlangoni kwa sababu unalipa, utatolewa siku mtu atakapoleta karatasi inayosema hulipi, na tumeona hizo karatasi zipo za kila aina, unachagua tu.

Norway wao walifanya tofauti. Ndiyo nchi iliyopimwa kuliko zote, yenye tafiti za kusema hasara, tafiti za kusema sufuri, tafiti za kusema dada zenu wa chini hawakufaidika. Zote ziko mezani. Kumbukeni pia kwamba sheria ya kwanza iligusa kampuni za ASA peke yake, na baadhi zilibadilisha usajili zikawa AS, kampuni binafsi, ambazo hazikuguswa. Watafiti bado wanabishana ni ngapi zilitoroka na ngapi zilikuwa na sababu nyingine. Desemba 2023 bunge la Norway likapitisha sheria mpya. Asilimia 40 sasa ni ya AS kubwa pia, kwa awamu, kuanzia mwisho wa 2024 mpaka 2028, na zile zilizobadilisha herufi zikiwa kubwa vya kutosha zimo kwenye orodha.